Zege Lenye Nywele

Ulikuwa mwaka ule handaki lilipotokea upande wa pili wa mlima. La, nimekosea. Handaki lilitokea mwaka uliofuata. Mwaka ninaoutaka mimi ndio ule walipokuwa bado wanachimba, na vumbi jekundu lilikuwa linaingia mpaka kwenye vikombe vya chai. Nao walichimba muda mrefu sana, kwa hiyo mtu akiteleza mwaka mmoja asihesabiwe mwongo. Tushike tu kwamba mlima ulikuwa bado haujatoboka, na fundi mmoja wa saruji, aliyejulikana mtaani kwa jina la Kioo, alikuwa bado anaitwa "mwanangu" na mama mkwe wake.

Jina hilo la Kioo hakupewa na wazazi. Alipewa na sakafu zake. Fundi huyu alikuwa na ugonjwa mmoja, kama ni ugonjwa: hakuweza kuona saruji mbichi akaiacha ikauke na mkwaruzo. Wenzake wakishasawazisha sakafu na kwenda zao kula, yeye alibaki amepiga magoti, mwiko mkononi, anapiga niru, yaani ule uji wa saruji tupu, anasugua mpaka sakafu inang'aa. Kisha alimwaga maji kidogo, akainama, akajitazama. Kofia yake ikiwa imekaa upande, aliirekebishia humo humo. Katika nyumba alizomalizia yeye wageni walikuwa wakiteleza mlangoni, na mwenye nyumba akilalamika, Kioo alimweleza kwa upole kwamba sakafu haina neno, tatizo ni miguu.

"Zege langu likishakauka," alipenda kusema, "maji hayapiti. Hata hewa lazima ibishe hodi."

Mama mkwe wake alikuwa mwoka mikate. Tanuri lake lilikuwa uani, na dirisha la kuuzia lilitazama barabarani, likiwa na ubao mpana ambao viwiko vya wateja vilikuwa vimeulainisha kuliko randa ya seremala. Mama huyo hakuwa mtu wa kelele. Hasira yake yote ilikaa kwenye namna ya kumwita mtu. Moyo ukiwa mweupe, alimwita mkwewe "mwanangu". Akianza kuchoka naye, alimwita "baba". Siku akimwita "fundi", ukoo mzima ulijua mambo yameharibika, na mke wa Kioo alikumbuka ghafla kwamba ana kazi chumba kingine.

Sasa, tanuri la mama lilikuwa la matofali, na paa lake lilikuwa limeinama mgongo. Kila wiki tofali moja lilidondoka motoni na kuua mikate kadhaa. Kioo akajipiga kifua. Akasema hayo ni mambo ya kizamani, yeye atalifunika tanuri kwa bamba moja tu la zege, kipande kimoja, lisilo na kiungo wala ufa. Mama akasema, haya, mwanangu, wewe ndiye unayejua.

Bamba hilo Kioo alilijenga kama anayejenga kitanda cha mfalme. Alichagua kokoto ndogo moja moja. Maji alitia kwa kuyaonea uchungu. Zege aliliponda kwa mti mpaka kipovu cha mwisho kikatoka. Hata upande wa chini, ambao hakuna atakayeuona isipokuwa mikate, aliutandikia bati laini ili ung'ae. Lilipoacha tu kunata mkononi akatangaza kwamba limekauka.

Siku ya kuwasha, majirani walikuja kutazama. Alikuja pia fundi wa mtaa wa pili, hasimu wake wa siku zote, akasimama mikono nyuma kama mtu aliyekuja kupima kaburi. Kioo alikaa mbele ya mdomo wa tanuri akionyesha kwa mwiko wake hapa na pale. Wachimbaji wa handaki walikuwa wanasubiri mikate yao, kwa hiyo mama hakuwa na muda wa kubembeleza moto. Alijaza kuni mpaka pomoni akawasha.

Kwanza zege lilitoa jasho. Kioo akasema hiyo ni dalili nzuri. Kisha ikasikika sauti ndogo, ta, kama mtu anayekunja vidole. Kisha nyingine. Kisha zikafuatana, ta-ta-ta, watu wakaanza kurudi nyuma bila kuagana, na kipande chembamba kipana kama kisosi kikaruka kutoka mdomoni mwa tanuri, kikachukua kofia ya Kioo na kwenda nayo mpaka kwenye pipa la maji.

Hapo ndipo mtaa mzima ulipojua kwamba Kioo alikuwa na kipara, na kwamba kilikuwa kinang'aa kuliko bamba.

"Nilisikia ni tanuri la mikate," akasema fundi wa mtaa wa pili, kwa sauti ya mtu anayetoa pole. "Kumbe la bisi."

Mama mkwe aliiopoa kofia pipani, akaikung'uta, akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili.

"Pole, baba."

Kioo akaivaa kofia ikiwa inachuruzika.

Kazi haikusimama, maana wachimbaji hawali maelezo. Mama alifagia vipande, akaendelea kuoka chini ya kile kilichobaki, akipunguza moto na kukagua kila mkate. Lakini jicho la mtu lina mwisho wake. Miongoni mwa wateja wa asubuhi alikuwapo mhandisi wa handaki, dada mmoja mrefu mwenye buti zilizojaa vumbi, ambaye alikuwa na desturi ya kula mkate wake hapo hapo dirishani akiwa amesimama. Akauma. Kach. Wateja wote wakageuka. Mama akafika na mkate mwingine mkononi kabla hata hajaitwa.

Mhandisi akatoa mdomoni kipande cha zege kama ukucha wa kidole gumba. Akakifuta kwa leso, akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akakigonga kwenye jino lake tena, safari hii kwa makusudi.

"Zege zuri sana hili," akasema. "Nani kalimwaga?"

Kioo, ambaye alikuwa amejibanza nyuma ya magunia ya unga, akatoka, kifua kikiwa kimetangulia. Akasema ni yeye.

"Ndiyo maana limepasuka. Ni zuri mno."

Kioo hakuwahi kusifiwa na kuzikwa kwa pumzi moja namna hiyo. Akataka kubisha, lakini mhandisi alikuwa ameshaanza kuuma mkate wa pili, akamwambia kwa mdomo uliojaa kwamba kama ana nafasi apite kule kazini akajionee.

Akaenda. Hakukusudia kujifunza, alikwenda kutetea jina lake. Kule mlimani, nyuma ya jiko la wafanyakazi, kulikuwa na sanduku kubwa la chuma lenye mlango mzito, nalo lilikuwa tanuri pia, ila la kuchomea mawe ya zege. Mhandisi akamweleza kwamba siku moja lori litawaka moto mle ndani ya handaki, haliwezi kukosa, na kuta zikianza kurusha vipande kama vile vya tanuri la mama, watu hawatatoka. Kwa hiyo wao huchoma kwanza, ndipo wajenge.

Juu ya meza yalikuwapo mawe mawili. Moja lilikuwa laini, la kijivu, limenyooka pembe zote. Kioo alilipapasa kama anayepapasa mtoto wa jirani aliyelelewa vizuri. La pili alilitazama tu, mikono akaiweka mfukoni. Lilikuwa na vijisindano vya chuma vilivyochomoza huku na huku, na kati ya sindano zilitoka nyuzi nyembamba nyeupe, kama nyuzi zinazochomoka kwenye mfuko wa saruji, zimesimama kama ndevu za mtu aliyetoka safari.

"Hili halijanyolewa," akasema Kioo.

Yakaingizwa yote mawili, mlango ukafungwa, nao wakasimama nyuma ya ukuta mfupi. Wakati wanasubiri, mhandisi akamuuliza Kioo, je, mama mkwe wake akifunika sufuria ya maji motoni, halafu akakandamiza kifuniko kwa jiwe, itakuwaje.

"Mama mkwe wangu hawezi kufanya upuuzi huo."

"Wewe ndiye uliyemfanyia."

Basi akamfundisha, taratibu, bila dharau. Zege hata likionekana kavu, ndani lina maji yake. Moto ukilipata, maji yanakuwa mvuke, na mvuke unatafuta mlango. Zege la ovyo ovyo lina vitundu, mvuke unapita. Zege la Kioo halina hata kitundu. Hewa inabisha hodi, lakini hakuna wa kuifungulia. Ndipo mvuke unapovunja ukuta. Zile nywele ni za plastiki. Moto bado haujawa mkali wa kuliumiza zege, zenyewe zinayeyuka, zinaacha vijia vyembamba, mvuke unatoka polepole kama watu wanaotoka mkutanoni. Sindano haziwezi kuuzuia mvuke. Kazi yake ni kushikilia nyufa ili zege lisimwagike. Kila kimoja na kazi yake.

Kioo alikuwa anatikisa kichwa kukubali, lakini moyoni alikuwa anauliza jengo gani hilo linaloimarishwa kwa kitu kinachotoroka moto ukiwaka.

Mlango wa chuma ukatikisika. Ta. Halafu kishindo, halafu kimya. Walipokuja kufungua baadaye, la laini lilikuwa changarawe, na Kioo akaliangalia kwa huzuni kama ndugu aliyefariki ugenini. Lile la nywele lilikuwa limekwajuka, limejaa nyufa nyembamba kama uso wa bibi, baya kabisa. Lakini lilikuwa zima.

"Linatisha," akasema Kioo.

"Linatisha," mhandisi akakubali. "Lakini lipo."

Akarudi nyumbani na mifuko miwili aliyopewa, mmoja wa sindano, mmoja wa nywele, pamoja na maagizo: zege likae wiki nyingi likauke, kisha moto mdogo mdogo kwanza, wa vumbi la mbao, siku baada ya siku. Mama mkwe alisikiliza yote akiwa anakanda unga. Kioo alipofika kwenye nywele, mikono ya mama ikasimama.

Ikumbukwe kwamba mama huyu maisha yake yote alifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, ili asije mteja akakuta unywele kwenye mkate. Kwake unywele kwenye mkate ni aibu ambayo hata kuhama mtaa hakuiondoi.

"Nywele ndani ya tanuri langu," akasema, wala sauti hakuipandisha. "Nisikilize, fundi. Mara ya pili ndiyo ya mwisho. Likipasuka tena, namwita yule wa mtaa wa pili. Na wewe utakuwa unakuja hapa dirishani kununua mkate kama watu wengine."

Fundi. Mbele ya mkewe. Kioo akajiona amekuwa mdogo kama kokoto. Kusimama dirishani na viwiko kwenye ubao, wakati yeye ni mtu wa kuingilia mlango wa uani bila kubisha, hilo lilimuuma kuliko kipande kilichompiga kofia.

Lakini ukweli usemwe: ndani ya uchungu huo kulikuwa na nafuu kidogo. Sasa alikuwa na sababu. Nywele mama hataki, yeye afanyeje? Na akilini mwake alishajipangia kwamba lile jiwe baya lilisimama kwa sababu ya chuma. Chuma ni chuma, mtu anakielewa. Akauweka mfuko wa nywele nyuma ya pipa la maji, akamwambia mkewe kwamba atatumia sindano peke yake kwa ajili ya kumheshimu mama.

"Mama ndiye hataki," mkewe akauliza, "au wewe?"

Kioo akaanza kutafuta pimamaji, ambayo alikuwa ameishika.

Siku ya kumwaga zege la pili walikuwapo watu wanne tu uani: Kioo, mkewe, mama, na yule mhandisi, ambaye hiyo ilikuwa siku yake ya mapumziko na alisema amekuja kununua mkate. Kioo alimwaga mchanga, saruji, kokoto na sindano, akawa anachanganya vikavu. Mara akasikia sauti anayoijua huko barabarani. Fundi wa mtaa wa pili alikuwa anawaambia watu dirishani kwamba safari hii waje na helmeti. Kioo akatupa sepeto, akatoka.

Ugomvi wao ulianzia kwenye bisi, ukapita kwenye kipara, ukaenda mpaka kwenye ngazi fulani ambayo mmoja wao aliijenga ujanani na mwingine hakuisahau. Kioo aliporudi, koo lilikuwa limemkauka. Mkewe alikuwa ameshika sepeto, amekwishageuza lile rundo kavu lote, jasho linamtoka. Mama alikuwa anakuja na ndoo ya maji. Mhandisi alikuwa amekaa juu ya ndoo nyingine iliyofudikizwa, anatafuna. Wote watatu walikuwa kimya, kimya kile cha watu waliokuwa wanakusengenya, na Kioo akaamini ndicho hicho, akaamua kuwa mkubwa na kusamehe.

Zege lile lilikuwa zito kulishughulikia. Lilinata, mwiko haukuteleza kama alivyozoea. Akalaumu sindano. Halafu akaona nyuzi nyeupe zimechomoza. Akaivuta moja kwa kucha, akaivuta ya pili.

"Mifuko ya saruji siku hizi," akasema kwa uchungu. "Inanyonyoka yote. Viwanda vimeoza."

"Vimeoza kweli," mama akaitikia.

Zege lilipokaza, Kioo hakuweza kuvumilia. Akaleta wembe wake wa kunyolea kidevu, akapanda juu ya tanuri, akalinyoa bamba upande wa juu lote, kwa uangalifu, kama anayemnyoa bwana harusi.

Kisha wakasubiri. Wiki zilipita. Kioo alitaka kuwasha mapema, lakini mama alikuwa anafuata maagizo ya mhandisi, si ya mkwe. Ulianza moto wa vumbi la mbao, wa kuotea paka. Kesho yake mkubwa kidogo. Asubuhi ya moto kamili hakualikwa mtu. Kioo alikuja amevaa helmeti aliyoazima mlimani, akasimama nyuma ya mlango wa stoo, jicho moja nje. Juu ya ukuta wa uani kilionekana kichwa cha fundi wa mtaa wa pili, ambaye hakuhitaji mwaliko.

Kuni zikashika. Bamba likatoa jasho. Kioo akafumba lile jicho. Likaanza kutoa sauti nyembamba, ssss, kama mtu anayenong'ona peke yake, na mvuke mwepesi ukapanda juu, ukawa unatoka kila mahali kwa pamoja bila haraka. Kioo akanusa.

"Nani anachoma plastiki?"

Mkewe akatazama kuni. Mama akakohoa, akasema labda jirani.

Ta haikuja. Moto ulipanda mpaka ukawa mweupe, ukatulia, makaa yakasukumwa pembeni, mikate ikaingia. Ilipotoka, mama aliuchukua wa kwanza kabisa, akaumega, akautazama ndani, akautazama nje, akauinua kwenye mwanga kutafuta unywele au jiwe. Hakukuwa na kitu. Kichwa juu ya ukuta kikashuka taratibu.

"Toka huko stooni," akasema mama. "Njoo ule, mwanangu."

Kioo alikula amevaa helmeti. Machozi yalimtoka, akasema ni moshi.

Basi tangu hapo hakushikika. Sherehe gani, msiba gani, Kioo alikuwa na hadithi ya bamba: jinsi alivyowaonyesha watu wa handaki kwamba nywele ni mapambo tu, kazi ni ya chuma na mkono wa fundi. Alimjengea mwoka mikate mwingine bamba kwa kanuni hiyo hiyo, sindano tupu. Lile likapasuka. Halikudondoka, sindano zililishika, lakini lilirusha vijiwe kwenye mikate mpaka mwenyewe akarudi kwenye matofali. Kioo akasema ni kuni za yule mtu. Hata hivyo, usiku huo alikula kidogo.

Miaka ikaenda. Handaki likafunguliwa, mhandisi akahamia mlima mwingine, mama mkwe akaanza kuona kwa shida lakini hakuacha kufunga kitambaa. Ikafika siku akataka dohani ya kutolea moshi, na Kioo akapanda juu ya tanuri na nyundo na tindo kutoboa pembe moja ya bamba. Lilikuwa gumu, akatokwa jasho mpaka likamegeka pande kubwa. Akaliokota, akalipuliza vumbi, akaligeuza.

Upande wa chini, uliokaa na moto miaka yote ile, ulikuwa umejaa vitundu. Vitundu vyembamba, vya mviringo, vimekwenda huku na huku kati ya sindano, kana kwamba mdudu mwenye adabu alikuwa amepita humo. Na upande wa juu kabisa, karibu na hewa, ambako joto halikufika sana, zilikuwapo nyuzi nyeupe, nzima, nyingi mno kuwa za mfuko wa saruji. Akaivuta moja. Ikatoka ndefu kama kidole cha mtoto, ikajikunja kwenye kiganja chake.

Akakaa chini juu ya tanuri. Akaukumbuka mfuko wa nyuma ya pipa. Akakumbuka kwamba siku nyingi sasa mkewe anawekea humo vibanio vya nguo, na kwamba yeye mwenyewe amekuwa akimpokeza vibanio kutoka mfuko huo kila siku ya kufua bila kujiuliza kilichokuwamo kilikwenda wapi.

Akashuka na pande lake. Alimkuta mkewe kambani, akamwonyesha. Mkewe akatazama juu, akasema wingu lile si zuri, akaanza kuanua nguo ambazo alikuwa ndiyo kwanza anazianika. Kioo akamwendea mama. Mama akalipapasa lile pande kwa vidole kwa muda mrefu, akapapasa na ule unywele, akasema, "Mikate inaungua, mwanangu," na humo tanurini hamkuwa na moto. Hata mhandisi, alipopita siku moja kusalimia akiwa na mvi zake, alichukua mkate, akaumega, akachungulia ndani kwa mazoea ya zamani, akacheka mpaka akashika ubao.

Kioo hakukasirika. Aliendelea kuingilia mlango wa uani. Pande lile aliliweka dirishani, likawa linatumika kuzuia karatasi za kufungia mikate zisipeperuke, na kila walipokaa wote pamoja kwenye chai alilitazama, akawatazama wao mmoja mmoja, akauliza kwa upole, kama mtu anayeomba apitishiwe sukari:

"Jamani, ile siku nilipotoka barabarani, ni nani aliyetia nywele kwenye zege langu?"